Jina la Kitu ni Nusu ya Kitu: Makumbusho ya Pwani ya Kenya na Maneno Yake

Utangulizi

Neno makumbusho limeundwa kutokana na kitenzi kukumbuka, kwa kupitia kukumbusha. Lugha nyingi za Ulaya zilichukua jina la pahali kama hapo kutoka kwa Wayunani wa kale, ambao walilitumia kutajia makao ya miungu wao wa kike wa utungo, muziki na elimu. Kiswahili hakikufuata njia hiyo, bali kilijiundia neno lake kutokana na tendo. Makumbusho ni mambo yanayomfanya mtu akumbuke. Kwa hiyo katika neno lenyewe mna watu wawili, anayekumbusha na anayekumbushwa, na baina yao hapana budi pawe na lugha. Chombo kilichowekwa nyuma ya kioo hakimkumbushi mtu lolote mpaka kitajwe kwa jina lake.

Pwani ya Kenya, kuanzia Mombasa hadi visiwa vya Lamu, ina makumbusho na magofu mengi yaliyo wazi kwa wageni. Machache, kama vile Ngome ya Yesu, yamesifika ulimwenguni. Mengine ni madogo: nyumba moja katika mtaa, jengo la misheni, gofu lenye kibanda cha mlinzi pembeni. Wataalamu wa mambo ya kale wameyaandikia sana majengo haya na vitu vilivyochimbuliwa humo. Wanalugha, kwa upande wao, wamepita milangoni mwake mara chache, kana kwamba mambo ya mawe si kazi yao.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo wa kazi una hasara. Maneno yaliyofungamana na vitu hivi nayo ni mambo ya kale, na ni ushahidi wa historia sawasawa na kigae cha kaure au sarafu. Tena yamo hatarini kuliko mawe. Jiwe laweza kumngoja mchimbuzi miaka mia sita, lakini neno halimngoji mtu. Hufa pamoja na fundi wa mwisho aliyelitumia. Ili jambo hili lidhihirike, yafaa kupita katika baadhi ya makumbusho hayo kutoka kusini kwenda kaskazini, na kila mahali kusikiliza lugha kabla ya kutazama vitu.

Ngome na gereza

Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani iliyochorwa na Mtaliani Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 mpaka wakaitwaa Desemba 1698. Wareno waliirudia kwa muda mfupi mnamo 1728 na 1729, kisha wakaondoka wasirudi tena. Waingereza waliifanya kifungo kutoka 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho chini ya uangalizi wa James Kirkman. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Miongoni mwa vitu vyake mna mali zilizotolewa chini ya maji kutoka kwa merikebu Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwasaidia waliozingirwa, na ambayo ilichimbuliwa kati ya 1977 na 1980.

Juu ya lango la ngome mna jiwe lililochorwa maandishi ya Kireno ya mwaka 1639. Linamsifu kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuitiisha pwani baada ya uasi. Uasi huo ni ule wa 1631, wakati Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, alipomwua kapiteni wa ngome na kuitwaa. Mwenye kuzuru husimama chini ya jiwe hilo akasoma, kwa tafsiri, maneno ya mshindi. Walioadhibiwa hawakuchora jiwe. Je, hakuna walichokiacha?

Walichokiacha ni neno. Wanalugha wengi wamekubaliana kwamba neno gereza asili yake ni neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Mtu asiyejua historia ataona ajabu kwamba nyumba ya ibada imezaa jina la nyumba ya kifungo. Lakini aliyeingia katika ngome ya Mombasa haoni ajabu, kwa kuwa kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya kuta zizo hizo zenye mizinga na askari. Kwa aliyesimama nje, kanisa na ngome vilikuwa jengo moja. Kilwa Kisiwani, ambako Wareno walijenga ngome mwaka 1505, ngome iliyopo ufuoni yaitwa Gereza hata leo, ijapokuwa sehemu kubwa ya jengo hilo ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Basi maana ya neno ilihama kutoka kanisa hadi ngome, na kutoka ngome hadi kifungo, na katika kuhama kwake imehifadhi hukumu ya watu wa pwani juu ya jengo hilo. Hukumu hiyo haikuandikwa popote penginepo. Wala historia haikuikanusha, kwani ngome ya Mombasa ilikuwa kifungo kwa miaka zaidi ya sitini, na ile ya Lamu, iliyokamilika mnamo 1821, nayo ilikuwa kifungo mpaka 1984.

Maneno mengine ya Kireno, kama vile meza, bendera, leso na mvinyo, yaliingia kwa upole na yakakaa nyumbani. Gereza pekee ndilo linalosimama mkabala na jiwe la 1639 na kulijibu. Ingefaa maneno haya mawili, la jiwe na la wasemaji, yasomwe pamoja, kwani mgeni anayeondoka Mombasa akiwa amesoma moja tu ameisikia kesi kutoka upande mmoja.

Rabai na Kengeleni

Bara kidogo ya Mombasa, huko Rabai, pana makumbusho madogo katika kiwanja cha misheni, yenye kumkumbuka Johann Ludwig Krapf. Mjerumani huyo aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakahamia Rabai. Kwa wanalugha, Rabai ni pahali pa heshima. Krapf alitoa muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kamusi hiyo yenyewe ni makumbusho ya namna yake, kwa kuwa imeshika Kimvita cha katikati ya karne ya 19 kama kilivyosikiwa na mgeni mwenye bidii, pamoja na makosa yake yote.

Lakini Rabai yafundisha pia jinsi jina laweza kumpotosha mwenye kukumbuka. Krapf na Rebmann waliandika vilevile maneno ya lugha ya wenyeji wa Rabai na jirani zao, na kazi hiyo ikatolewa mwaka 1887 kwa jina la kamusi ya Kinika. Nyika, au Nika, ni jina walilopewa wenyeji hao na watu wa mjini, nalo lilibeba dharau. Jina Mijikenda, walilojichagulia wenyewe kwa kuhesabu miji yao tisa, lilishika katika miaka ya 1940. Kitabu chaweza kubaki na jina lake la zamani, maana hilo nalo ni historia. Kibao cha maelezo kinachosomwa na mtoto wa Rabai leo hakina udhuru huo.

Rabai ilikuwa pia kimbilio la watoro. Neno mtoro, kutokana na kutoroka, lilikuwa na maana nzito katika pwani ya karne ya 19. Halikumtaja mtoto aliyekimbia shule, bali mtumwa aliyekimbia bwana wake akajitwalia uhai wake mwenyewe. Watoro wengi walijificha miongoni mwa wakazi wa misheni, na mwaka 1889, baada ya mabwana kulipwa fidia, zaidi ya watoro elfu moja walipewa hati za uhuru. Karibu na Mombasa kijiji cha Frere Town kilikuwa kimekwisha kuanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Kengele iliyopigwa huko kuwaonya watu hatari ilipokaribia ndiyo iliyopapa pahali hapo jina la Kengeleni. Kila siku watu wengi hulitaja jina hilo wakiwa safarini, na kwa kulitaja tu wamekwisha kukumbushwa, ijapokuwa si wote wanaojua wanachokumbushwa.

Jambo jingine la sehemu hizi ni vigango vya Wagiriama na jirani zao. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki akiwa mwanachama wa chama cha Gohu. Wenye kigango hawakukihesabu kuwa pambo. Kilikuwa makao ya roho ya marehemu, na hakikutakiwa kung'olewa. Hata hivyo vigango vingi viliibwa, vikauzwa, vikafika katika majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri ng'ambo, ambako viliitwa sanamu. Katika miaka ya karibuni baadhi ya makumbusho ya Marekani yamevirudisha. Kisa hiki chaonyesha waziwazi madhara ya kukitenga kitu na jina lake. Aliyekiita kigango sanamu aliweza kukinunua bila kusitasita. Aliyejua maana ya neno kigango alijua kwamba anachonunua ni cha kaburini.

Miji iliyosahau majina yake

Kaskazini ya Mtwapa, karibu na bahari, pana magofu yaitwayo Jumba la Mtwana. Mji huo ulistawi katika karne ya 14 na kuachwa katika karne ya 15, na Kirkman aliuchimbua mwaka 1972. Misikiti yake, makaburi na nyumba za matumbawe vyaonekana hadi leo. Jina lake la asili limepotea. Jina lililobaki lamtaja mtwana, yaani mtumwa mwanamume, na haikuhifadhiwa habari iliyo thabiti ya sababu yake. Katika pwani yenye nyumba nyingi zilizopewa majina ya waungwana, ni jambo la kuzingatiwa kwamba katika jina la magofu haya aliyekumbukwa ni mtumwa.

Gede, kusini ya Malindi, yaleta swali hilo kwa ukubwa zaidi. Ulikuwa mji wenye kuta, msikiti wa ijumaa, jumba la mfalme, visima na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399. Uliachwa kabisa katika karne ya 17. Wareno, waliokaa Malindi jirani kwa muda wa karibu karne moja, hawakuacha habari zake zilizo wazi. Magofu hayo yaliwekwa chini ya hifadhi ya serikali mwaka 1927, na Kirkman alifanya uchimbuzi huko tangu 1948. Mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Jina Gede lenyewe kwa kawaida husemwa kuwa ni la Kioromo, nalo ni jina la mahame, si la mji uliokuwa hai.

Mchimbuzi alipozifikia nyumba za Gede hakukuta majina ya wenyewe. Akazipa majina kwa vitu alivyookota ndani: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Majina haya ni ya manufaa na hayana hila. Lakini mgeni anayepita kutoka nyumba hata nyumba huona kwamba watu wametoweka, vikabaki vyombo. Ni kama mtaa ambao kila mwenye nyumba anaitwa kwa jina la sufuria yake. Tena vyombo vyenye kutajwa zaidi ni vile vilivyotoka mbali, hata mtu aweza kudhani kwamba waliokaa humo nao walitoka mbali.

Dhana hiyo haikuwa ya wageni wa kawaida peke yao. Kitabu cha Kirkman juu ya msikiti mkuu wa Gede, kilichotolewa mwaka 1954, katika anwani yake kiliuita mji wa Waarabu. Ndivyo wataalamu wengi wa zama hizo walivyoiona pwani yote: kazi ya wageni iliyowekwa ukingoni mwa Afrika. Uchimbuzi wa baadaye ulibadili fikira hizo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimbua tangu 1980 hadi 1988, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine midogo iliyotangulia, ya miti, iliyoanzia karne ya 8. Mji wa mawe ulikuwa umekua taratibu juu ya kijiji cha miti na udongo.

Kwa upande wa lugha, ushahidi ulikuwapo wakati wote. Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro, katika jamii ya lugha za Kibantu iitwayo Sabaki. Derek Nurse na Thomas Spear walilieleza jambo hili kwa mapana mwaka 1985, na Nurse pamoja na Thomas Hinnebusch wakaliandikia kitabu kizima mwaka 1993. Maneno ya Kiarabu na Kiajemi yaliyoingia ni mengi na yana thamani: nahodha, nanga na bandari asili yake ni Kiajemi. Lakini sarufi, viambishi na maneno ya kila siku ya mwili, ukoo na shamba ni ya Kibantu. Mwaka 2023 uchunguzi wa chembe za urithi katika mifupa ya waliozikwa katika miji ya kale ya pwani ulionyesha kwamba wazee wa watu hao walikuwa mchanganyiko: Waafrika, wengi wao wakiwa upande wa kike, na Waajemi, wengi wao wakiwa upande wa kiume, walioanza kuchanganyika mnamo mwaka 1000. Mifupa haisemi lugha, ila yaelekea kwamba wana walishika lugha ya mama zao. Ndiyo maana mgeni wa Gede, akitaka kujua waliokaa katika Nyumba ya Makasi walikuwa nani, afanya vyema kuwasikiliza watu wanaoishi pwani hivi sasa kabla ya kuinama kutazama kaure.

Nyumba ya Lamu

Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2001, una makumbusho kadha kwa mwendo wa dakika chache. Palipokuwa posta ya Wajerumani kati ya 1888 na 1891 panakumbusha siku ambazo Witu ilikuwa chini ya ulinzi wao. Hapo huhitaji kukaa sana. Katika makumbusho makuu yaliyo ufuoni mna siwa mbili mashuhuri, ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na ya Lamu iliyofuliwa kwa shaba. James de Vere Allen, aliyekuwa mwangalizi wa makumbusho hayo, aliziandikia makala mwaka 1976. Siwa ilikuwa alama ya utawala na ya uungwana. Ilipigwa katika sherehe za mji na harusi za waungwana, na si kila mtu aliyeruhusiwa kupigiwa. Leo huonekana na macho, lakini yeye aliyeijua siwa aliijua kwanza kwa masikio. Katika kioo imebaki pembe, na sauti iliyokuwa maana yake haimo.

Kadhalika na mtepe, ambao mifano yake yaonekana katika makumbusho ya pwani. Chombo hiki kilishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Katika sehemu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini. Mwenye kuutazama mfano wake aona umbo. Lakini istilahi za kushona mbao, za kuziba matundu na za kupandisha tanga la mkeka hazionekani kwa macho, na waliozitumia kazini wamekwisha kufariki. Yaliyoandikwa yamesalimika, na yasiyoandikwa yamekwenda nao.

Lakini fundisho kubwa zaidi limo katika nyumba ya Kiswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyotengenezwa upya na kufunguliwa kuwa makumbusho. Anayeingia hupita kwanza katika daka, lenye baraza za mawe pande zote mbili, kisha tekani, ambayo imepindishwa ili mpita njia asione ndani. Hufuata kiwanda kisicho na dari. Baada ya kiwanda waja msana wa tini, na nyuma yake msana wa yuu, kisha ndani, na mwisho kabisa nyumba ya kati. Sakafu huinuka kidogo kila mtu anapoingia zaidi, ndiyo sababu ya tini na yuu kutumika kwa vyumba vya orofa moja. Nyumba ya kati, chumba chenye giza kuliko vyote, ndiyo iliyokuwa pahali pa kuzalia na pa kuoshea maiti. Mwanamke wa nyumba hiyo aliweza kuanza na kumaliza maisha yake katika chumba kimoja.

Majina haya ni ramani ya maisha. Ukizifasiri tekani na misana kwa kusema ukumbi wa kwanza, wa pili na wa tatu, kuta hubaki zilivyo, lakini mwendo wa kutoka kwenye hadhara hadi kwenye faragha umefutika. Tena majina haya ni ya Kiamu. Tini badala ya chini na yuu badala ya juu ni sauti za Lamu, kama vile mato badala ya macho na ndia badala ya njia. Katika ukuta wa ndani mna safu za zidaka, vijishubaka vilivyotiwa nakshi ya chokaa, vilivyowekwa sahani za kaure na vyombo vya thamani. Umoja wake ni kidaka, na kiambishi zi- ni wingi wa Kiamu pale Kiswahili sanifu kisemapo vi-. Msahihishaji mwenye bidii anaweza kuandika vidaka. Akifanya hivyo hajasahihisha kitu. Msomaji wa bara atadhani pengine kwamba husemwa habari za nazi changa, na Lamu itakuwa imeondolewa katika nyumba ya Lamu.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita na Kiamu, lahaja zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wa kale, ziliachwa nje ya shule, na hatimaye nje ya vitabu vingi. Manufaa ya lugha sanifu ni makubwa na hayahitaji kutetewa. Lakini tangu hapo maneno mengi ya lahaja yamepungukiwa na makao. Yamebaki vinywani mwa wazee, katika tenzi, na katika vitu vyenyewe. Makumbusho ya pwani, bila kukusudia, yamekuwa mojawapo ya makimbilio ya mwisho ya Kiamu na Kimvita, na kwa hiyo lugha ya vibao vyake si jambo dogo la mapambo.

Pamoja na hayo, nyumba hii haina budi kusomwa kwa uangalifu. Majina ya vyumba vyake ni majina ya bwana na bibi. Sehemu za chini za nyumba kama hizo mara nyingi zilikuwa za watumwa na za akiba, na huko majina ya heshima ni machache. Mtwana aliyebeba mawe na mjakazi aliyeteka maji hawakuwa na kidaka cha kuwekea sahani. Utumwa haukuondolewa katika sheria za pwani ya Kenya mpaka 1907, na kwa hiyo kumbukumbu zake hazikuwa za mbali kwa wazee waliosimulia habari za nyumba hizo katika karne iliyopita. Maneno mtwana, mjakazi, mzalia, suria na mtoro nayo ni samani za nyumba ya Lamu. Makumbusho yanayotaja zidaka yasitaje mjakazi yamekumbusha nusu, hata kama kila jina lililotajwa ni sahihi.

Hitimisho

Safari hii kutoka Mombasa hadi Lamu imeonyesha mambo matatu. Kwanza, neno laweza kuhifadhi ushahidi ambao jiwe halikuhifadhi, kama vile gereza linavyolijibu jiwe la 1639. Pili, jina lisilo la wenyewe, liwe Nika, sanamu au mji wa Waarabu, huweza kubadili kitu chenyewe machoni mwa watu na hata kukitia hasarani. Tatu, maneno ya lahaja yaliyofungamana na vyumba, vyombo na kazi za mikono ni sehemu ya urithi uleule ambao sheria na orodha za ulimwengu zimekusudia kuulinda, ila kwa kuwa hayashikiki kwa mkono, hayana mlinzi mlangoni.

Kazi inayohitajika si ya gharama kubwa. Kila makumbusho ya pwani yangefaidika kuwa na orodha ya majina ya vitu vyake kama yanavyotamkwa na wenyeji wa pahali hapo: Kiamu Lamu, Kimvita Mombasa, Kirabai Rabai, Kigiriama Gede. Kila neno liandikwe pamoja na matumizi yake, jina la kazi iliyohusika, na kinyume chake au ndugu yake katika lahaja nyingine. Kiswahili sanifu kiwepo pembeni kwa ajili ya msomaji wa mbali, lakini kisiketi katika kiti cha mwenye nyumba. Waashi wa matumbawe, mafundi wa majahazi, wachonga milango, washona kofia na kina mama wanaojua nyumba kutoka ndani ndio walimu wa kazi hii, na wanafunzi wa idara za lugha ndio wanaostahiki kutumwa kwao na daftari.

Mwaka 2006 Kenya ilipata sheria mpya ya makumbusho na urithi, na majengo ya pwani yana walinzi, paa na ua. Mawe basi yamepata bahati yao. Maneno bado yanategemea uhai wa watu wachache wenye umri mkubwa. Siku nyumba ya kati itakapoitwa na kila mtu chumba cha nyuma, kuta zake zitakuwa zimesimama kama zilivyo, nakshi yake itakuwa imesafishwa vizuri, na mgeni atalipa kiingilio chake. Lakini jengo hilo halitakuwa na haki tena ya kuitwa makumbusho, kwa kuwa hapatakuwa na wa kumkumbusha mtu kwamba humo watu walizaliwa, na humo wakaoshwa kwa ajili ya safari ya mwisho.